Paa Mkononi mwa Mtahini

Mpaka leo nikiona mtu ameshika kifuniko cha kitu mkononi huku anaongea, iwe ni cha sufuria au cha chupa ya chai, natamani kumpokonya nikirudishe mahali pake. Mamangu husema nimeanza wasiwasi wa uzeeni kabla ya kuolewa. Wacha aseme. Yeye hakuwa Bungoma siku ile.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea usanifu majengo, na idara yetu ilikuwa imeamua kwamba safari hii hatutachora minara ya vioo ambayo hakuna mtu angeijenga. Kila mmoja wetu angefanya utafiti wa kihakiki. Uchague jengo ambalo tayari lipo, ulichunguze mpaka ulielewe, kisha uulize maswali ambayo wenye kuchora miji hawajawahi kujisumbua kuyauliza. Halafu kazi zetu zote zingewekwa kwenye maonyesho, na si kule chuoni ambako tunaonyeshana wenyewe kwa wenyewe, bali katika ukumbi wa kanisa mjini Bungoma, ili wananchi nao waingie waone. Wenzangu walikimbilia masoko, stendi na maghala ya zamani ya mahindi. Mimi nilichagua chumba kimoja Kipsongo, mtaa wa mabanda kwetu Kitale.

Baba aliposikia, aliweka kikombe chini. Yeye ni mfanyabiashara wa mahindi. Babake alitoka Mkoa wa Kati akaja Trans-Nzoia akiwa na jembe tu, na katika nyumba yetu ya Tuwan, kusonga mbele ni dini ya pili baada ya ile ya Jumapili. "Nimekusomesha miaka yote hiyo," akasema, "ndio uende kuchora chumba cha mabati? Si hata mimi naweza." Akavuta gazeti, akachora mistari minne pembeni, akaniuliza ningempa alama ngapi. Tulicheka sote mezani, lakini iliniuma, na usiku huo sikumuaga nikienda kulala.

Chumba chenyewe nilikijua kwa sababu ya mwanamke aliyekaa humo. Alikuwa akija kwetu kufua nguo tangu nikiwa sekondari. Mimi namwita dada. Yeye ananiita injinia, hata nimweleze vipi kwamba mimi si injinia. Mumewe, ambaye mimi namwita shemeji, hupakia na kupakua magunia kwenye maghala, mtu wa mabega makubwa na maneno machache. Walikuwa na watoto wawili wadogo pale ndani. Kifungua mimba wao, msichana, hakuwepo.

Hili la msichana ndilo jambo lenyewe, kwa hivyo nilieleze vizuri. Alikuwa Lwakhakha kwa nyanyake, yaani mamake dada, anayeuza vitunguu pale mpakani na Uganda. Alipelekwa huko akiwa bado anatambaa, wakati wazazi wake walipohamia Kitale kutafuta kazi, ati kwa muda tu. Muda ukawa miaka. Nyanya hakuwa amekataa kumrudisha. Alikuwa na sharti moja, na ukiuliza Wabukusu wenzao watakuambia ni sharti la haki kabisa: msichana anakua, hawezi kulala chumba kimoja na babake pakiwa na pazia tu katikati. Apewe mahali pake penye ukuta. Siku nitakayojua ana mahali, alisema, nitamleta mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Basi shemeji akajenga ukuta. Aliokota mbao za vichanja vya kupangia magunia, akazibandika na vipande vya plaiwudi, akatenga pembe iliyo upande wa dirisha. Mbao zilizobaki akatengenezea kitanda. Siku nilipoingia mara ya kwanza na tepu yangu ya kupimia nilishtuka. Katika chumba ambacho mmoja akitaka kupita lazima mwingine akae kitandani, kulikuwa na kitanda kingine kitupu, kimetandikwa leso safi, na wale wadogo walikuwa wamekatazwa hata kukiegemea.

"Hiyo iko na mwenyewe," dada akaniambia. "Akikuja Januari anaingia shule ya huku."

Nilitoka pale nikijua utafiti wangu unahusu nini. Vitabu vyote nilivyopewa vilisema watu wa vyumba kama hivyo hawana nafasi. Hakuna hata kimoja kilichosema kwamba wanaweza kumwekea nafasi mtu ambaye hayupo.

Shida ilikuwa moja: nyanya angejuaje? Kwao mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwewe. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kando kumpisha mwenzake. Kuona kitanda cha mkwe, hilo hata halitajwi. Na kwa simu alishaahidiwa mengi mpaka akachoka. Sasa, Jumamosi moja dada akiwa kwetu anafua, mikono imejaa povu, akainua kichwa.

"Injinia, si ulisema unatengeneza kanyumba kadogo kama yetu? Mama hawezi ingia kwangu. Lakini hiyo yako si anaweza angalia?"

Aki nilifurahi! Nilimkumbatia na povu lake lote. Sisi hutengeneza modeli zenye paa la kutoka, ili mtahini aone ndani. Tukakubaliana kwamba paa litatolewa mtahini akija, lakini mama akiingia ukumbini paa liwe juu, na yeye aangalie kupitia dirisha tu. Dirisha liko upande wa mtoto, na ukuta wa shemeji unaficha kwingine kote. Nilipomaliza modeli nikawapelekea. Dada akainama, akachungulia dirishani, akapiga makofi. "Anaona kitanda ya mtoto peke yake! Hakuna kitu ingine!" Shemeji naye akainama, akachungulia, akanyooka.

"Na paa itakaa?" akauliza.

"Itakaa, shemeji. Usijali."

Ndani nilikuwa nimeweka kila kitu. Mwalimu wetu alituambia tusisafishie watu nyumba zao, tuonyeshe kilichopo kama kilivyo. Kwa hivyo niliweka jiko, niliweka ndoo, niliweka misumari ukutani. Juu ya kitanda kikubwa nilitundika suruali ndogo ya shemeji, na ili niwe mkweli kabisa niliikata kutoka kwa kitambaa cha suruali yake iliyochakaa, aliyonipa mwenyewe akicheka. Kitanda cha msichana nilikiunda kwa njiti za kiberiti. Nilikitandika kipande cha leso ile ile. Kusema kweli, niliringa nacho sana. Kila aliyepita darasani nilimwonyesha.

Siku ya maonyesho Baba alinipeleka Bungoma na pikapu yake, modeli nimeipakata, akanishusha akaenda zake sokoni. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na michoro yetu imefungwa kwa kamba za katani kutoka dirisha hadi dirisha. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango. Dada alikuja amevaa nguo ya kanisani, shemeji koti la kuazima lililombana mabega. Shemeji alisimama kando ya nyumba yake hiyo ndogo, na kila baada ya muda aligusa paa kwa kidole kuhakikisha limekaa. Watu waliuliza, hii ni ya nani? Dada akajibu, ni yetu, ni hii injinia wetu alichora.

Tulikuwa tumepanga yote. Nyanya akifika, dada angempokea nje. Shemeji angetoka kwa mlango wa nyuma, ili wasije wakakutana uso kwa uso. Paa lingekuwa juu. Mama angechungulia, angeona, tungekunywa soda, na Januari mtoto angekuja Kitale. Ilikuwa mipango ya watu watatu wenye akili timamu.

Kwenye mipango hiyo hapakuwa na mtahini wa kuchelewa. Alitoka chuo kingine, na alitakiwa kuanza asubuhi, lakini gari lake likaharibika njiani, sijui wapi huko. Alipofika alianzia mwisho wa ukumbi na kuja kwangu pole pole, meza kwa meza. Na Mungu ni nani, alifika mezani kwangu simu ya dada ikilia. Mama yuko kwa geti. Dada akatoka mbio mbele, shemeji akatoka nyuma akijifuta jasho, nikabaki mimi na mtahini.

Akainua paa. Akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuongea, na paa liko mkononi mwake.

Kinachoniuma ni kwamba aliongea vizuri. Katika miaka yangu yote chuoni hakuna mtu aliyewahi kuielewa kazi yangu namna ile. Alielekeza kitanda cha njiti kwa pembe ya paa. Aliuonyesha ukuta wa plaiwudi kwa paa. Aliposhika kidevu kufikiri, paa lilikuwa kwapani. Wenzangu wakaanza kusogea kusikiliza.

"Samahani, daktari," nikasema, "naomba nirudishe kidogo hilo..."

"Ngoja, ngoja, hapa ndipo patamu."

Nikanyoosha mkono nilichukue. Yeye akalihamishia mkono wa kushoto, akanishika mkono wangu kwa wa kulia akausukasuka. "Hongera sana, binti," akasema. Na akaendelea. Nilitamani kulia. Unampokonyaje mtahini kitu mbele ya watu, na ndiye ameshika shahada yako? Nikatazama mlangoni.

Aliyeingia kwanza alikuwa mtoto. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua papo hapo kwa paji la uso la babake. Alikuwa amesukwa vizuri, gauni jipya, amewaacha wakubwa nyuma huko nje. Alikuja moja kwa moja kwenye nyumba ndogo, kama mtoto yeyote, akashika ukingo wa meza na kuchungulia kutoka juu. Macho yake yakatua kwenye leso.

"Hii ni ya nani?"

Na mimi, mjinga mimi, kwa furaha ya kumwona, nikasahau kila kitu. "Ni yako," nikamwambia.

Akaweka kidole chake juu ya kile kitanda, taratibu sana. Kisha akageuka na kukimbia kabla sijaelewa anakwenda wapi.

"Kukhu! Kukhu kuja! Nimeona kitanda yangu!"

Nyanya, huyo Kukhu wake, alikuwa ameketi kwenye benchi la veranda, kwa sababu alikuwa ameuliza kwanza kama mkwewe yuko ndani, na alikuwa anangoja kuambiwa ametoka. Adabu yake ilikuwa kamili tangu mwanzo. Sasa mtoto akamvuta kwa mkono, naye akaja akicheka, akijaribu kushika leso yake isianguke, dada nyuma yake amebeba kikapu cha vitunguu. Dada aliliona lile paa mkononi mwa mtahini. Niliuona uso wake ukibadilika.

"Mama, ngoja! Mama!"

Lakini mama alikuwa amekwisha kuinama. Ukumbi si nyumba ya mkwe. Alikuwa na kila haki ya kuingia pale. Mtoto anamwonyesha, hapa, hapa, Kukhu, na yeye anatafuta hapo penyewe ni wapi, na katika kutafuta akaona kitanda kikubwa, akaona mito miwili, akaona suruali kwenye msumari.

Nilifunika modeli kwa viganja vyangu. Woi, viganja vyangu hivi! Havikutosha hata nusu ya chumba. Mtahini akafurahi. "Naam!" akawaambia wenzangu. "Faragha. Hilo ndilo swali lenyewe."

Nyanya alinyooka pole pole. Alichukua pindo la leso akajifunika macho, akageuka, akarudi hadi mlangoni akiongozwa na ukuta. Pale akamwambia dada maneno ya Kibukusu ambayo mimi siyajui. Nilikuwa nimemfuata. Akanigeukia, bado amejifunika, akaniambia kwa Kiswahili, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, mimi sijaingia kwa mkwe. Tangu huyu aolewe sijawahi kanyaga mulango yake. Leo nyumba ndio imekuja kwangu, tena haina paa."

Heri angenitukana. "Mama, ni kadibodi tu," nikamwambia. "Ni karatasi na gundi. Si nyumba ya ukweli, mama."

Akafikiri. Nadhani naye alikuwa anatafuta njia, masikini. Nadhani alitaka sana nimpe njia.

"Na ile suruali," akauliza, "ni yake?"

Ningeweza kudanganya. Dada alikuwa ananitazama nidanganye. Lakini karibu kila mtu ukumbini alikuwa amesikia majigambo yangu kuhusu kile kitambaa, na maelezo yalikuwa yamebandikwa pale ukutani kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mtoto aliyejua kusoma kidogo alikuwa amesimama chini yake.

"Ni yake, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaanza kushuka ngazi. Mtoto alikuwa analia, anarudia lile lile, lakini kitanda yangu, Kukhu, lakini kitanda yangu. Kikapu cha vitunguu kikabaki mkononi mwa dada. Nyuma yangu mwenzangu mmoja akanipiga bega: "Bana, umeua! Huyo jamaa amekubali kabisa." Nilitaka kumzaba kofi, na hakuwa na kosa lolote.

Shemeji tulimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, bado amevaa koti. Dada alimweleza kwa lugha yao. Alivua koti akalikunja vizuri kwa sababu lilikuwa la mtu.

Baadaye dada alinieleza, na alinieleza kwa subira kama ninavyomweleza yeye kwamba mimi si injinia. Jambo kama hilo lazima lioshwe. Wazee wa upande wa mume walete kondoo, wakae na wazee wa upande wa mama, maneno yasemwe. Kabla ya hapo hakuna kutembeleana kati ya nyumba hizo mbili, na mtoto hawezi kuletwa. Wazee wa upande wa shemeji ni akina nani? Babake alikufa zamani. Baba zake wadogo ni wawili: mmoja yuko Uganda na hashiki simu; mwingine waligombana naye kwa ajili ya shamba, na hawajaongea tangu mazishi.

"Mimi nitanunua kondoo," nikasema. "Dada, nitanunua hata leo."

Alinitazama kwa huruma, yeye ndiye aliyenihurumia mimi. "Injinia, kondoo yako ni ya kula tu. Hii inatoka kwa watu wake."

Nilimwendea hata Baba. Nilimweleza yote, nikilia kama mtoto, nikamwomba atafute njia, maana Baba anajua watu wa kila soko kutoka Kitale mpaka mpakani. Hakunitania. Alipiga simu, akatuma watu, akaenda mwenyewe kumtafuta yule baba mdogo aliyegombana na shemeji, akanywa chai kwake, akarudi. Yule mzee alimwambia kwa heshima kwamba yeye Baba ni mgeni katika maneno hayo, na maneno hayana mlango wa mgeni. Baba alikaa kwenye kiti chake bila kuwasha redio. "Tumefika mwisho, mami," akaniambia.

Alama nilizopata zilikuwa za juu kuliko za wenzangu wote. Idara ilitaka modeli ibaki kwenye kabati la vioo pale mlangoni, ili wanafunzi wapya waige. Nilikataa. Waliniona nina kiburi, na mwalimu wangu mmoja hakunisemesha hadi mahafali.

Januari shule zilipofunguliwa niliibeba hadi Kipsongo. Sikujua naipeleka kwa nini. Nilijua tu haiwezi kukaa kwangu. Shemeji alikuwa nyumbani, maghala hayakuwa na kazi wiki hiyo. Kile kitanda kidogo kilikuwa bado kimetandikwa. Wale wadogo walikuwa wamekaa sakafuni kando yake, hawakukigusa.

Shemeji alipokea modeli kwa mikono miwili. Akatazama ndani, akatazama suruali yake.

"Uko na gundi?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo mkobani, sisi huwa nayo siku zote. Nikataka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Akapaka mwenyewe juu ya kuta zote, pole pole, hadi kwenye pembe. Akaweka paa, akaligandamiza kwa viganja, ameinama, na akabaki hivyo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Alipoachilia, alitafuta pa kuiweka. Juu ya kabati kulikuwa na masanduku, mezani vyombo, chini watoto. Hapakuwa na mahali pengine patupu katika chumba kile. Dada akaelewa kabla yangu. Alitoa ile leso kwenye kitanda cha mtoto, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake mwenyewe, shemeji akaiweka nyumba juu ya zile mbao tupu, kisha dada akaniuliza kama nitakunywa chai.